Siku 422 Naqoura, na mwerezi wa mama

Siku ya 1 (20 Mei 2019)

Ndege ya kukodi ya Umoja wa Mataifa imetushusha Beirut asubuhi. Tuko mia moja na ushee. Kombati zilizopigwa pasi Dar es Salaam zimefika zimekunjamana, na bereti za bluu bado hazijakubali kukaa vichwani. Kwenye seksheni yetu mimi ndiye mdogo, kwa hiyo mabegi ya wakubwa yamenihusu.

Kabla sijaondoka nilimpigia mama Njombe. Hakuniuliza habari za mabomu wala za dola. Aliuliza, "Ndiyo Lebanoni ile ya mierezi?" Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo. "Basi uniangalizie mwerezi. Upige picha, gome kwa karibu, na majani." Mama ana kitalu cha miche pale nyumbani: misindano, milingoti, na siku hizi parachichi. Mti ambao Sulemani alijengea hekalu, na yeye hajawahi hata kuugusa, ni jambo linalomkera kikazi.

Basi limefuata pwani kwenda kusini, bahari iko mkono wa kulia. Tumepita Saida, ambayo ndiyo Sidoni ya kwenye Biblia. Tumevuka mto Litani, ambako eneo letu la kazi linaanzia. Tukafika Sur, yaani Tiro. Halafu, bila mtu kutuonya, migomba! Mashamba kwa mashamba ya migomba, hadi karibu na bahari. Basi zima limepiga kelele. Sajini wetu mzaliwa wa Bukoba amesimama kabisa. "Humu tutapona," akasema, akakaa.

Mwerezi wa kwanza nimeuona kwenye kizuizi cha jeshi la Lebanoni. Umechorwa kwa rangi ya mafuta kwenye bonge la zege. Huo siuhesabu.

Siku ya 2

Kambi ya Naqoura iko ufukweni, karibu kabisa na mpaka wa Israel. Kikosi hiki, UNIFIL, yaani Kikosi cha Muda cha Umoja wa Mataifa Lebanoni, kiliundwa Machi 1978, na jina lake lenyewe linasema ni cha muda. Cha muda, lakini kinanizidi umri kwa karibu miaka ishirini. Kina askari zaidi ya 10,000 kutoka nchi zaidi ya 40. Leo kwenye foleni ya chakula mbele yangu alikuwa Mghana na nyuma yangu Mnepali, na wote watatu tulikuwa tunaitazama tambi kwa wasiwasi ule ule.

Karibu na makao makuu kuna mnara wa kumbukumbu ya waliofia hapa, zaidi ya 300. Tumepelekwa kuuona kabla ya kupewa hata funguo za vyumba.

Chumba ni kontena lenye vitanda viwili na kiyoyozi kinachokohoa. Mwenzangu ni koplo wa Pangani. Amefunga, maana ni Ramadhani. Jioni alikaa nje akiitazama bahari kama mtu aliyedhulumiwa. "Dogo, huku jua linazama baharini," akaniambia. Kwao linachomoza humo. Isitoshe linachelewa: kwao saa kumi na mbili na nusu mtu ameshafuturu, hapa saa moja na nusu imepita nalo bado liko juu ya maji, halina haraka.

Siku ya 4

Mtihani wa leseni ya Umoja wa Mataifa. Huku wanaendesha upande wa kulia na usukani uko kushoto. Nimefundishwa gari jeshini na najiamini, lakini kila nilipotaka kuonyesha kwamba nakata kona niliwasha waipa. Jua la Mei, kioo kikavu, waipa zinapiga kwii, kwii. Mtahini aliandika kitu. Nimefaulu, sijui kwa huruma ya nani.

Siku ya 9

Watu wa nyumbani wanauliza kazi gani tunafanya. Mengine hayaandikwi, lakini hili si siri: sisi ni polisi jeshi. Tunashika mageti, tunakagua magari, tunapima ajali, tunaangalia nidhamu ya askari wa vikosi vyote. Na tunapiga tochi. Ndiyo, tochi ile ile ya trafiki wa barabara ya Morogoro. Unasimama pembeni ya barabara na kifaa chako, gari jeupe lenye herufi UN likipita mwendo usiofaa unaliandika. Magari ya raia hayatuhusu.

Nilipomweleza mjomba alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alisema, "Yaani serikali imekupandisha ndege mpaka Uarabuni ukawe trafiki?" Kisha akaomba niangalie uwezekano wa bodaboda.

Leo nimemwandika ofisa wa nchi fulani mwenye nyota mabegani nisizoweza kuzihesabu kwa mara moja. Alinitazama, akatazama tochi, akatia saini. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kuliko yake.

Siku ya 16

Idd. Koplo amenichukua Mtaa wa Mingi kununua vitamu. Huo ni mtaa wa maduka nje ya kambi: viatu, saa, manukato, simu, vikombe vyenye nembo ya UN. Nilidhani jina ni la Kiarabu. Askari mmoja wa Ireland, mtu mzima, ndiye aliyetuambia kuwa ni neno letu. Wazee wao walikwenda Kongo na Umoja wa Mataifa miaka ya 1960, wakawasikia wachuuzi wa huko wakisema "mingi, mingi", wakabaki wanaviita vibanda hivyo mingi. Walipoletwa Lebanoni wakaja nalo. Kwa hiyo Kiswahili kilifika Naqoura kabla yetu, tena kwa mdomo wa Mzungu.

Koplo ana Kiarabu cha madrasa, na anakitumia kikamilifu, na irabu za mwisho zote. Wenye maduka wanamsikiliza kama watu wanaosikiliza hotuba. Mimi sina Kiarabu, lakini nashangaa jinsi ninavyopona: sabuni ni sabun, sukari ni sukkar, samaki ni samak. Tatizo ni limau. Ukiomba "laymoun" unapewa machungwa.

Mzee mmoja mwenye duka, tunamwita Haji, ametupa kahawa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, chungu, yenye iliki. Koplo alifumba macho. "Hii ni ya baraza la kwetu kabisa," akasema. Nimemuuliza Haji habari za mierezi. Akanyoosha mkono kaskazini: Barouk, Bsharri, milimani, mbali. Sisi haturuhusiwi kujitembeza nje ya eneo letu. Kusini huku kuna mizeituni, migomba na michungwa.

Nimempigia mama. "Kamwene," akaitikia, kisha moja kwa moja: "Mwerezi?" Nimemweleza. Amenyamaza, halafu: "Hiramu si alikuwa mfalme wa hapo hapo Tiro? Na yeye ndiye aliyempelekea Sulemani mierezi. Uliza vizuri."

Siku ya 31

Lindo la usiku getini. Saa sita mpaka saa kumi na mbili. Hakuna kilichotokea. Naandika hivyo kwa sababu watu hupenda kusimuliwa yaliyotokea, na siku nyingi za huku ni za kutotokea kitu. Unafungua geti, unatazama kitambulisho, unapitisha kioo chini ya gari, unaandika namba, unafunga geti. Mbwa wanne wa kambi wanajua zamu zetu kuliko sisi. Baridi ya bahari inaingia kwenye buti. Unaanza kuhesabu: bati ngapi, saruji mifuko mingapi, ada ya mdogo wangu. Saa tisa usiku nilishamaliza kujenga nyumba yote kichwani, nikabaki kwenye choo.

Siku ya 58

Kasa wanataga ufukwe wa Mansouri, njiani kwenda Sur. Wenyeji wanaoyatunza mayai wameweka vizimba vya waya juu yake. Koplo aliomba dereva apunguze mwendo. Hakusema kitu mpaka tulipofika.

Siku ya 105 (1 Septemba)

Leo ilikuwa Jumapili na nilikuwa nafua. Alasiri ikaja amri: fulana ya kuzuia risasi, kofia ya chuma, kila mtu karibu na handaki. Wapiganaji wa Hezbollah wa Lebanoni walikuwa wamerusha makombora ya kupigia vifaru kuelekea Avivim, ng'ambo ya Mstari wa Bluu unaotenganisha Lebanoni na Israel, na Israel ikajibu kwa mizinga kuelekea Maroun al-Ras. Ni mashariki yetu, si karibu, lakini ukiwa na miaka ishirini na mbili na kofia inakuangukia machoni, neno "mbali" halikutulizi.

Tulikaa. Sajini wa Bukoba alikuwa na karanga. Tulikula karanga. Mtu mmoja aliuliza kama amefunga maji aliyokuwa anafulia. Ni mimi. Sikuwa nimefunga.

Jioni mambo yakatulia. Nikapiga simu nyumbani, maana nilijua redio zitasema. Mama hakuwa amesikia lolote, alikuwa anapanda miche. Sikumwambia. Tumeongea habari za mbolea.

Siku ya 152 (18 Oktoba)

Barabara zimefungwa kwa matairi yanayowaka. Watu wameingia mitaani nchi nzima tangu jana usiku. Kilichowasha kiberiti ni kodi ya simu za WhatsApp, dola 6 kwa mwezi, ingawa serikali iliifuta usiku ule ule. Haji anasema WhatsApp ilikuwa tone tu, pipa lilishajaa zamani. Mimi ninayeongea na mama kwa WhatsApp nimewaelewa haraka kuliko askari wa amani anavyotakiwa kuelewa.

Sisi hatuhusiki na mambo yao ya ndani. Tumekaa kambini, mkate umepungua, tambi imeongezeka.

Siku ya 204 (9 Desemba)

Sikukuu ya Uhuru. Tumepandisha bendera, tumepiga gwaride mbele ya wageni wenye medali, kisha tukala. Unga wa mahindi tuliokuja nao ulikwisha zamani. Mpishi wetu amesonga semolina, ile wanayofanyia vitamu, na ikakubali. Si dona, lakini inashikika, na kwa macho yaliyofumbwa ni ugali.

Ndizi ndizo zilizoleta kisa. Siku mbili kabla, mimi na sajini tulikwenda shambani kununua mikungu mibichi. Mwenye shamba aligoma kutuuzia, kwa wema kabisa: bado, subirini, hazijaiva. Sajini akamwonyesha kwa mikono: kumenya, kukata, chungu, nyama. Yule bwana akamwita mkewe aje aone. Haji tulimwalika. Alikula ndizi nyama kijiko baada ya kijiko, akasema "tayyib", yaani nzuri. Koplo alilipokea neno hilo kwa heshima zote. Mimi niliona macho ya Haji yanatafuta mkate.

Siku ya 243

Januari. Mvua inakuja imelala kwa upepo. Siku ya jua, ukiwa juu vilimani, unauona Mlima Hermoni umevaa theluji, mweupe kupita gari letu. Nimepiga picha. Mama amejibu: "Mzuri. Ni mlima."

Tulipata ruhusa ya saa chache kwenda Sur kununua mahitaji, kwa kundi na kwa orodha. Kwenye duka kubwa nilikuwa nabishana na koplo bei ya sabuni. Mwanamke mmoja aliyesukuma toroli la mtu mwingine akasimama ghafla.

"Aki nimeskia Kiswahili," alisema.

Anatoka Kakamega. Anafanya kazi za ndani, huu ni mwaka wake wa tatu, hajarudi. Pasi yake ya kusafiria anakaa nayo bosi. Alisema hayo yote kwa haraka, anatabasamu, akipanga mitungi ya mtindi kwenye toroli kana kwamba anaongea habari za mtindi. "Nyinyi mnarudi lini?" aliuliza. Nikamwambia Mei. "Mna bahati, kaka. Mnajua mwezi." Mama mwenye nyumba akamwita kutoka kaunta. Nilimwambia dada, Mungu akutunze, nikajiona mjinga. Kanuni zetu za mazoea na raia ni kali, tena kwa sababu nzuri, na hata zisingekuwepo, ningefanya nini? Koplo alilipa sabuni bila kubishana tena.

Njiani nilinunua kinyago kidogo cha mwerezi kwa mchuuzi mmoja, mti halisi, aliniapia. Kinanukia. Nimempigia mama picha kwa karibu sana, nyuzi za mbao zote zinaonekana. Jibu limekuja dakika hiyo hiyo: "Mwanangu, huo ni msindano. Umepigwa."

Siku ya 302 (16 Machi 2020)

Jana Lebanoni imetangaza hali ya dharura kwa ajili ya korona. Leo Tanzania imetangaza mgonjwa wa kwanza, Arusha. Nimehamishwa kutoka kwenye tochi kwenda kwenye kipima joto cha bastola. Zamani nilielekeza kifaa kwenye gari, sasa naelekeza kwenye paji la uso. Maofisa wananiogopa zaidi kuliko zamani.

Mtaa wa Mingi umefungwa.

Siku ya 324

Tumeitwa kwenye uwanja, tumesimama kwa nafasi ya mita mbili kama miche ya mama. Mabadilishano yote ya vikosi yamesimamishwa dunia nzima mpaka tarehe 30 Juni. Hakuna anayekuja, hakuna anayeondoka. Baada ya hapo, itategemea.

Usiku nimemkumbuka yule dada wa Kakamega. Mnajua mwezi, alisema.

Sajini ameng'oa kalenda ukutani. Si kwa hasira. Ameikunja vizuri akaiweka chini ya godoro.

Siku ya 329

Pasaka. Ibada tumefanyia nje, kila mtu na kiti chake. Koplo alitushikia lindo wakristo wote. Ramadhani ikianza nitamlipa, tumekubaliana kwa saa.

Siku ya 367 (20 Mei)

Mwaka umetimia jana, kimya kimya. Ramadhani inakaribia kwisha, ya pili kwa koplo mahali hapa. Hajawahi kuwa mkali kwangu, lakini juzi alinifokea kwa sababu ya kijiko. Baadaye alikuja na tende tatu. Mtoto wake ameanza kutembea. Ameionyesha video kwa kila mtu, hata kwa Mnepali wa jikoni, ambaye naye alitoa simu akaonyesha wa kwake.

Haji amefungua nusu ya duka. Tulipofika, dola moja ilikuwa lira 1,500 na kitu, na ndivyo ilivyokuwa tangu miaka ya 1990. Sasa mtaani imepita 4,000. Fedha zake za benki hapewi. Anauza saa za mkononi na hakuna mnunuzi. Kahawa bado anatoa bure. Nilipotaka kulipa aliiweka noti mfukoni mwangu mwenyewe, akaubonyeza mfuko.

Siku ya 409

Amri imetoka: mabadilishano yanarudi. Tarehe ipo. Hakuna aliyeshangilia kwa sauti, tunaogopa kuiamsha korona. Sajini amerudisha kalenda ukutani.

Nimemwambia mama. "Kwa hiyo mwerezi ndiyo basi," amesema. Si swali.

Siku ya 421

Kukabidhi. Kila kijiko, kila godoro, kila tochi ina namba na kila namba inatafutwa. Imepungua kofia moja ya chuma. Imeonekana getini, mbwa wamelalia.

Haji amekuja mpaka kizuizini kutuaga, barakoa imeshuka kidevuni. Dola imefika lira 8,000 na zaidi. Alimkumbatia koplo, jambo ambalo kwa kanuni za sasa ningepaswa kumwandika. Nilitazama baharini.

Siku ya 422 (14 Julai 2020)

Basi limetoka saa tisa usiku. Migomba, Sur, Litani, Saida, zote gizani, na safari hii bahari ilikuwa kushoto. Kumepambazuka tukiwa tunaingia Beirut.

Uwanjani wametuzungusha kwa basi kwenye lami kuelekea ndege yetu. Nilikuwa dirishani. Ndege za shirika la Lebanoni zilikuwa zimeegeshwa kwa mstari, nyingi, hazina pa kwenda, na kwenye mkia wa kila moja kuna mwerezi wa kijani, mkubwa kuliko nyumba ya mama. Nilipiga picha tatu kabla afande hajaniambia nishushe simu. Moja ilitoka vizuri. Nikaituma, nikaandika: "Kamwene mama. Mwerezi."

Tiki mbili. Zikawa bluu. Tulikuwa tumeshafunga mikanda alipojibu.

"Nimeuona. Na gome?"